Bustani ya Mpangaji

Siku niliyohama chumba mwaka juzi, vitu vyangu vyote vilienea kwenye kirikuu moja: kitanda, godoro, kabati, jiko la gesi, mabeseni ya vyombo, na mwisho kabisa viroba viwili vya udongo vilivyoota matembele. Dereva alivitazama, kisha akanitazama mimi. "Dada, na udongo nao unahama?" Nikamwambia nao unahama. Kiroba kilicholowa hakibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo tulikishika huku na huku, na kabla hatujafika mlangoni kimoja kikachanika ubavuni. Jua la uani lilikuwa limekichosha nyuzi mwaka mzima bila mimi kujua. Udongo niliouhangaikia kwa samadi, maganda ya ndizi na makapi ya chai ukamwagika koridoni kwa watu. Nilichota nilichoweza kwa beseni. Kilichobaki mama mwenye nyumba alikifagia nje, na nikamsikia akimwambia jirani kwamba hiyo ndiyo sababu yeye hataki mambo ya bustani kwenye nyumba yake.

Tukio hilo hunirudia kila ninaposikia watu wa mjini wakihimizwa kulima mboga nyumbani. Ushauri ni mwingi, na mwingine ni mzuri sana. Lakini karibu wote huanza na maneno yaleyale: chagua sehemu ya uwanja wako inayopata jua la kutosha. Mtu wa kuambiwa hivyo yupo. Ana uwanja, ana geti, ana bomba lake, ana ukuta wa kutundikia makopo ya pilipili. Ila huyo si mkazi wa kawaida wa Tandika, Manzese, Mbagala au Buguruni hapa Dar es Salaam. Wengi huko wana chumba kimoja au viwili kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na uani kuna choo, bafu, kamba za nguo na majiko ya familia sita. Kila mmoja ana kipande chake cha uani ambacho hakikuandikwa popote lakini kinajulikana, kuanzia ndoo ya fulani mpaka mlango wa bafu. Hicho ndicho kiwanja chake. Kama kweli tunataka mji ulime mboga, ni lazima tuanzie kwenye kipande hicho, na kwa masharti ya mtu asiyejua kama mwakani atakuwa bado yupo hapo.

Wito wa watu wa mjini kulima si mgeni kwetu. Mwaka 1972 TANU ilitoa kule Iringa tamko la Siasa ni Kilimo. Miaka miwili baadaye, ukame na uhaba wa chakula ulipobana, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata waliokuwa mjini wakatakiwa washike jembe. Miaka ya 1980 haikuhitaji kampeni. Mshahara wa mtumishi ulikuwa haufiki katikati ya mwezi, watu wakajianzishia kile walichokiita mradi: kuku, ng'ombe wawili wa maziwa, maandazi ya kuuza, matuta ya mchicha nyuma ya nyumba. Wazazi wetu huisimulia miaka hiyo kwa fahari na wana haki nayo. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba miradi iliyodumu ilikuwa ya wenye nafasi, waliokaa nyumba za serikali zenye viwanja vipana au waliowahi kupata eneo pembezoni mwa mji wakati maeneo bado yanapatikana. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilikuja kuweka kikomo cha eka 3 kwa mtu mmoja. Eka tatu! Sheria ilikuwa ikiwaza kwa eka, na mpangaji anawaza kwa ndoo.

Tangu hapo mji umezidi kujaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja na ushee walioongezeka hawakuja na viwanja vyao mkononi. Wamepangishwa vyumba, na vyumba vyenyewe vingi vimejengwa juu ya sehemu zilizokuwa na migomba na matuta.

Hapa inabidi nieleze kwa nini naona jambo hili ni zito, na si la kupendezesha uani tu. Jani la mboga ni zao lisilopenda safari. Kabichi hutoka Lushoto ikafika sokoni ikiwa imara, nyanya hutoka Ilula, vitunguu hutoka Mang'ola na hata vikikaa wiki havidhuriki. Mchicha uliochumwa jana mchana leo umelala. Ndiyo maana tangu zamani mboga za majani za Dar es Salaam zimelimwa humohumo Dar es Salaam, na tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kwamba sehemu kubwa ya majani yaliyouzwa kwenye masoko ya jiji yalitoka ndani ya jiji lenyewe: kando ya reli, chini ya nyaya kubwa za umeme, na zaidi mabondeni, kwa kuwa bondeni kuna maji mwaka mzima.

Na bonde kubwa ni la Msimbazi. Mto huo huanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukaingia baharini pale Salender. Njiani hupokea maji ya viwandani, ya machinjioni, ya karakana na ya vyooni. Watafiti wamepima mboga zilizomwagiliwa maji ya Msimbazi na vijito vyake tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mara kwa mara wamekuta humo madini mazito, madini ya risasi (lead) yakiwemo. Mama wa nyumbani anapaswa kujua tofauti iliyopo hapa. Vijidudu vya maji machafu huondoka kwa kuosha vizuri na kupika. Vumbi la barabarani huondoka kwa kuosha. Lakini risasi iliyopanda na maji kupitia mizizi na kuingia ndani ya jani haiondoki kwa chumvi, kwa siki, wala kwa moto. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua.

Siwalaumu wanaolima bondeni. Wao ndio wametulisha miaka yote hii, wakiinama alfajiri na keni zao za kumwagilia, na uchafu ulio kwenye maji hayo hawakuumwaga wao. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima wa matuta huonekana haraka sana ndani ya mita hizo, huku bomba linalotoa maji machafu likichukua miaka kuonekana. Hilo ni jambo la kuandikiwa makala yake. Ninachotaka kukitoa hapo ni hiki: mtu anayenunua fungu la mchicha gengeni hawezi kujua limetoka wapi, na mama wa gengeni naye mara nyingi hajui, kwa kuwa amelichukua sokoni saa kumi na moja alfajiri kwenye giza. Jani ambalo mtu anaweza kulijua asili yake kwa hakika ni lile aliloliotesha mwenyewe.

Basi mpangaji aoteshe nini? Hapa ndipo watu wengi wanapovunjika moyo mapema, kwa sababu huanza na nyanya. Nyanya ni nzuri kwenye picha. Lakini inataka jua la saa sita na zaidi, na uani mwa nyumba ya vyumba sita jua huingia saa nne na kuondoka saa nane. Inataka kusimikiwa mti, hushikwa na ukungu msimu wa mvua, na kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, akiingia hakuachii kitu. Unangoja miezi mitatu upate nyanya kumi na moja, ambazo ni mboga ya siku mbili. Kabichi na karoti vilevile: unakaa na ndoo miezi mitatu, unavuna mara moja, imekwisha.

Kwenye nafasi ndogo panda jani lile linalochumwa na kurudi tena. Mimi naweka matembele mbele ya yote. Hayahitaji mbegu ya dukani. Unaomba marando kwa mtu, unakata vipande vya urefu wa shibiri, unavifukia nusu, na baada ya siku kama tano unaona jani limesimama. Baada ya wiki nne au tano unachuma ncha, na kila unapochuma panatoka matawi mawili. Yanavumilia kivuli kidogo, yanavumilia ukisahau kumwagilia siku mbili, na yanavumilia kuhamishwa. Vipando nilivyookota koridoni siku ile vilishika tena. Baada ya matembele, mchicha, ambao wiki ya tatu au ya nne unaanza kula, ila uukate juu ya kifundo badala ya kuung'oa na mizizi. Sukuma wiki huchumwa jani la chini miezi na miezi. Mnafu huota wenyewe ukishamwaga mbegu zake mara moja. Nyanya chungu nayo inakubali ndoo ya lita 20 na huzaa kwa muda mrefu. Aina nyeupe ya Tengeru ndiyo niliyonayo. Kituo cha utafiti wa mboga kilichopo Tengeru, Arusha, tangu mwaka 1992 kimefanya kazi kubwa juu ya mboga hizi za asili ambazo mjini tulianza kuzionea haya, tukizikimbia kwa ajili ya chainizi.

Kiroba chenyewe kinatengenezwa hivi. Chukua cha kilo 50, kilichokuwa cha mchele au sukari, kisiwe cha saruji wala cha mbolea ya chumvichumvi. Kunja mdomo wake nje mara mbili ili usimame. Udongo changanya nje, mafungu mawili ya udongo kwa fungu moja la samadi iliyokomaa. Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza, iache iive angalau miezi miwili, mpaka ukiinusa isikuchome pua. Kisha tafuta kopo la maziwa lililokatwa chini na juu, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, na kulizunguka jaza udongo. Udongo ukifika kwenye mdomo wa kopo, livute juu polepole; kokoto zinabaki katikati kama nguzo. Lisimamishe tena, jaza tena, mpaka juu. Nguzo hiyo ndiyo roho ya kiroba. Ukimwaga maji juu yake yanashuka na kusambaa hadi chini. Ukiiacha, juu patalowa na chini pawe pakavu kama unga, na mboga za ubavuni zitakufa ukijiuliza kosa ni lipi. Mwisho toboa matundu ubavuni kwa kisu, yapishane, yasiwe kwenye mstari mmoja, na kila tundu liwe dogo kiasi cha kupitisha kipando tu.

Wenzetu wa Kibera wanaijua bustani hii kuliko sisi. Baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wakati chakula kilikuwa kimepanda bei na barabara hazipitiki, shirika la Kifaransa la Solidarités International liligawa miche na kufundisha kilimo cha magunia kule Kibera. Magunia yalisimama milangoni, kwenye vichochoro, pembeni ya mitaro, yakiwa na sukuma wiki kuanzia juu mpaka chini. Kinachonivutia ni nani aliyelengwa: mtu asiye na uwanja hata kidogo. Halafu mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria yake ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Sheria haioteshi mboga, najua. Lakini pale ambapo sheria inakutambua, askari wa jiji anakuuliza kwanza kabla ya kukupindulia gunia.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema bustani ya nyumbani itampunguzia maskini gharama za maisha. Nina vyombo sita, viroba viwili na ndoo nne. Vinanipa mboga ya watu wanne mara mbili kwa wiki, tuseme mara nane kwa mwezi. Kwa genge letu, mboga ya watu wanne ni mafungu mawili ya shilingi 300, yaani shilingi 600. Kwa mwezi nimeokoa shilingi 4,800. Upande wa pili, vyombo sita vinakunywa kama lita 12 kwa siku wakati wa jua, ambazo ni lita 360 kwa mwezi, madumu 18. Dumu likiwa shilingi 200, hayo ni maji ya shilingi 3,600. Faida iliyobaki ni 1,200, na bado sijahesabu samadi na nguvu zangu. Maji yakiadimika, kama ilivyokuwa Oktoba 2022 wakati maji ya mto Ruvu yalipopungua na jiji zima likaingia kwenye mgao, dumu linaweza kufika shilingi 500. Hapo maji pekee ni shilingi 9,000 ili kuokoa 4,800. Kwa hiyo mtu anayelima kwa maji ya kununua analima kwa hasara, na kumwambia kwamba anakaa na njaa kwa uvivu wakati angeweza kulima ni kumuonea.

Bustani ya mpangaji inasimama kwa maji yaliyokwisha kufanya kazi. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuza nguo mara ya mwisho yasiyo na povu. Maji ya vyombo yenye mafuta mengi na sabuni kali usiyatie. Nyumbani kwangu hayo peke yake yanatosheleza siku nne au tano kwa wiki. Zilizobaki zinategemea bati. Milimita moja ya mvua kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya Kiswahili yenye paa la mita 80 za mraba, mvua moja ya milimita 20 ya masika inamwaga lita 1,600 uani ndani ya saa moja, nasi tunazikimbia kwa kuweka matofali ya kukanyagia. Gata la upande mmoja na pipa moja vingebadilisha hesabu yote niliyoiandika hapo juu. Lakini gata ni mali ya nyumba. Mpangaji wa miezi sita hawezi kuligharimia, na mwenye nyumba haoni linamuingizia nini.

Ndiyo maana kila nikianza na mboga naishia kwa mwenye nyumba. Nisimkosee heshima: madai yake mengine ni ya kweli. Anasema bustani inaleta mbu. Zamani sheria ndogo za miji mingi zilikataza mazao marefu kama mahindi kwa hoja hiyohiyo, na hoja ile ilikuwa dhaifu, kwani mbu wa malaria hazaliani kwenye jani la mahindi bali kwenye maji yaliyotuama. Lakini mbu wa dengue, aliyelitikisa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana hasa kwenye maji masafi yaliyotuama kwenye vitu vidogo: kopo, kisahani cha chini ya ndoo, tairi. Mpangaji anayeweka visahani chini ya ndoo zake na kuacha maji yakae wiki nzima anawafuga mbu hao. Anasema bustani inaleta panya. Inaleta, kama mboji ina ugali, mifupa na vichwa vya samaki. Ikiwa na maganda mabichi, majani na majivu kidogo, na imefunikwa, hawaji. Anasema ukuta wake unalowa. Ni kweli ukikiegemeza kiroba ukutani. Kiweke juu ya matofali mawili, kiachane na ukuta kwa kiganja kimoja.

Kuna na hoja ya afya ambayo nataka niiseme kwa kipimo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu wa kuanzia miaka 10 ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Familia ya watu wanne wa umri huo ingehitaji zaidi ya kilo moja na nusu kila siku, na viroba viwili havifiki hata robo yake. Tena chuma kilichomo kwenye majani hakifyonzwi na mwili kwa wepesi kama cha nyama, ini au dagaa. Lakini kinafyonzwa vizuri zaidi ukikamulia ndimu, na vibaya zaidi ukiteremshia chai palepale mezani, jambo ambalo karibu sote tunalifanya. Na vitamini A inayotokana na majani ya kijani inataka mafuta kidogo ili mwili uipate. Bibi zetu waliounga mchicha kwa tui la nazi na matembele kwa karanga hawakuwa wakitafuta ladha peke yake, au hata kama ndiyo waliyoitafuta, waliipata na faida hiyo. Kiroba hakiponyi upungufu wa damu. Kinachofanya ni kuhakikisha kwamba tarehe 27, siku ambayo hata shilingi 600 haipo, ugali haulali mezani na chumvi tu.

Kwa hiyo ningependa mazungumzo yetu yahame kutoka kwenye kuhimizana. Hamasa ipo, tembea uani kwa watu utaona mchaichai kwenye ndoo iliyopasuka, mrehani kwenye kopo la mafuta, mshubiri kwenye sufuria iliyotoboka. Afisa kilimo wa kata, ambaye mara nyingi ratiba yake inamalizwa na wenye mashamba na mifugo, apewe kazi ya kupita uani na fungu la marando badala ya vipeperushi. Wauza mbegu wafungashe paketi za mtu wa ndoo tatu, kwa bei ya vocha. Mtu aweze kupeleka mfuko wa udongo ukapimwa risasi kwa gharama anayoimudu, hasa wanaokaa karibu na karakana na wanaovunja betri kuukuu, kwa sababu udongo wa uani nao si kila mahali ni salama. Na serikali inayotoza kodi ya majengo ina njia nyingi za kumpoza kidogo mwenye nyumba aliyeweka gata na pipa la wapangaji wake.

Lakini kubwa kuliko yote hayo kwangu ni karatasi ya mkataba. Mikataba yetu ya vyumba ina mambo ya kodi, umeme, taka, wageni wanaolala, muziki wa usiku. Ua haumo. Kwa kuwa haumo, kila kitu kilichoko uani kipo kwa hisani, na mtu haweki samadi ya miezi miwili kwenye kitu cha hisani. Anapanda mchicha wa wiki tatu, au hapandi kabisa.

Kodi yangu inaisha mwezi Juni. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwenye nyumba wangu wa sasa, mzee wa makamo ya baba yangu, nikamwamkia, tukakaa barazani, nikampa karatasi yenye mistari miwili niliyotaka iongezwe kwenye mkataba mpya. Wa kwanza unasema mpangaji anaruhusiwa kuweka vyombo sita vya mboga kwenye sehemu yake ya uani, juu ya matofali, bila kuvigusisha na ukuta. Wa pili unasema wapangaji watachangia pipa na mwenye nyumba ataweka gata upande wa choo. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Huu wa kwanza sina neno nao, mwanangu," alisema. "Huo wa gata niachie, Jumamosi anakuja kijana wangu fundi, tutapanda juu tutazame mbao za paa kama zitabeba."